Meza ya kuchomelea kwa karakana ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Fundi anayechomelea madirisha na vitanda nyuma ya nyumba yake, awe Mbagala au Kayole, mara nyingi ana mashine nzuri kuliko mahali anapofanyia kazi. Inveta ya ampia 200 ipo, grainda mbili zipo, lakini dirisha linapangwa chini, juu ya vipande vya tofali. Mteja akirudi na malalamiko kwamba kona moja imepanda na grili haikai kwenye tundu la ukuta, lawama hupewa paipu au mashine. Sakafu ndiyo haijanyooka. Na zege lenyewe si mahali pazuri pa kuchomelea: unyevu uliomo ndani ukipata joto la ghafla hugeuka mvuke, na vipande vinaruka.

Hapa ninapanga aina tano za meza, kuanzia ile ningeinunua kwanza. Nimemfikiria mtu anayetengeneza grili, milango midogo, vitanda, viti na stendi za tangi la maji. Meza nzuri kwangu inabaki imenyooka, inakubali klampu kila upande, na inakubali kuongezewa vitu kidogo kidogo kadiri hela inavyopatikana. Unene wa chuma, ambao ndio kila mtu huulizia akifika dukani, unafuata baada ya hayo.

1. Pleti ya mili 10 juu ya fremu yenye bolti za kurekebisha

Hii hainunuliwi ikiwa tayari. Unanunua pleti, yaani bamba nene la chuma, unaikatisha, unaijengea miguu. Hata hivyo inashika nafasi ya kwanza bila ushindani, kwa sababu kila shilingi inakwenda kwenye kitu utakachokitumia.

Anza na hesabu ya uzito, maana pleti huuzwa kwa kilo hata pale muuzaji anapokutajia bei ya shiti nzima. Chuma chenye unene wa mili 1 na eneo la mita 1 ya mraba kina kilo 7.85. Shiti ya futi 4 kwa 8, yaani mili 1220 kwa 2440, ikiwa ya mili 10 ina takriban kilo 234. Ya mili 6 ina kilo 140 hivi. Ukiletewa "mili 10" ambayo mzani unasoma kilo 200, hiyo si mili 10. Nenda na venia yako, kile kifaa cha kupimia unene, pima ukingo sehemu tatu au nne, usiogope kuonekana msumbufu. Fanya hivyo hivyo kwenye skwea paipu za miguu, ambako udanganyifu wa unene ni rahisi zaidi kwa sababu macho hayaoni tofauti ya nusu mili.

Shiti nzima ni kubwa mno kwa uwanja wa nyumbani. Mafundi watatu wakichanga wanaweza kuigawa vipande vitatu vya mili 1220 kwa 813, kila mmoja akabaki na meza ya kilo 78 ambayo watu wawili wenye nguvu wanaibeba. Ukubwa huo unatosha dirisha, kiti, na kichwa cha kitanda. Geti halitatosha, lakini geti halitoshi kwenye meza yoyote ya nyumbani. Hilo hutatuliwa kwa farasi wawili wa chuma, yaani stendi za kulazia kazi, wenye urefu sawasawa na meza, unaowasogeza pembeni kazi ikizidi.

Usikubali pleti ikatwe kwa gesi kama kuna njia nyingine. Moto wa gesi huvuta ukingo na kuufanya mgumu kwa drili. Karakana zenye mashine za leza au plazma zinazoongozwa na kompyuta zipo Dar es Salaam na Nairobi, na kama pleti imeshapanda kwenye mashine hiyo, waambie wakutobolee na matundu papo hapo. Plazma huacha tundu pana juu na jembamba chini kidogo. Leza ni safi zaidi. Sisemi utoboe meza nzima. Matundu ya mili 16 kila baada ya mili 100 kwenye pleti ya ukubwa huo ni zaidi ya sabini, na mengi yatakaa miezi bila kuguswa. Mistari miwili inatosha kuanzia: mmoja sambamba na ukingo mrefu, mwingine sambamba na ukingo mfupi, ikikutana kwenye kona moja kwa digrii 90 kamili. Ukichomeka vipande vya nondo laini ya mili 16 kwenye matundu hayo umepata guni la kudumu, yaani kipimo cha kona. Paipu inaegemezwa, kona inajipata yenyewe.

Sasa fremu. Wengi hukosea hapa, kwa kuichomelea pleti kwenye fremu mfululizo kuzunguka pande zote. Mshono ukipoa hujivuta, na pleti uliyoinunua kwa bei inanyanyuka katikati au inashuka. Badala yake, tengeneza fremu ya skwea paipu 50 kwa 50, ya mili 3 ukiweza, kisha weka bolti sita za M12 zinazosimama juu yake: nne karibu na kona na mbili katikati ya pande ndefu. Pleti inakaa juu ya bolti hizo. Pembeni ya kila moja, kipande cha engo, chuma cha umbo la L, kilichoshikizwa kwa nukta fupi za kuchomelea chini ya pleti kinavutwa chini kwa bolti nyingine. Moja inasukuma, nyingine inavuta, na pleti ya mili 10 itatii kwa mili moja au mbili, ambazo ndizo unazozihitaji, maana pleti ya kiwandani haiji imenyooka kabisa.

Kuinyoosha hakuhitaji kifaa cha bei. Tafuta sarafu tano za thamani moja, zisizochakaa, na uzi wa mshipi. Weka sarafu kwenye kila kona ya pleti, vuta uzi kutoka kona hadi kona uwe umekaza kama wa gitaa, kisha vuta mwingine kwenye kona mbili zilizobaki. Pale zinapokatizana zinatakiwa kugusana kwa wepesi tu. Uzi wa chini ukiusukuma wa juu, au ukiachana nao, pleti ina msokoto. Zungusha bolti za kona mbili zinazotazamana mpaka utulie. Badilisha nyuzi, wa juu uwe wa chini, uangalie tena. Sarafu ya tano ni ya kupitisha chini ya uzi: ikikwama kuna mlima, ikipita na mwanga ukaonekana juu yake kuna bonde. Pima maji peke yake haikuonyeshi haya yote, hasa ile fupi ya futi moja.

Acha pleti ipite nje ya fremu kwa mili 80 hadi 100 pande zote. Bila hiyo midomo ya nje, klampu haina pa kuuma, na meza isiyobana kazi ni kaunta tu. Urefu kutoka chini: simama wima, kunja mkono, kisha shuka chini ya kiwiko kama upana wa kiganja. Kwa watu wengi inaangukia kati ya sentimita 85 na 95. Usiige ya jirani.

2. Meza ya mbavu za flatibaa

Kama bajeti haifiki kwenye pleti, hii ndiyo. Flatibaa, vile vyuma bapa virefu, za mili 75 kwa 10 zinalazwa sambamba zikiachana mili 40 hivi, zikifungwa kwa bolti kwenye fremu. Klampu inapita katikati popote unapotaka. Cheche na takataka za grainda zinaanguka chini badala ya kujaa juu ya meza na kuinua kazi yako. Flatibaa ikiungua au ikipinda, unafungua bolti zake, unaibadilisha hiyo moja tu.

Udhaifu wake ni kazi ndogo: vipande vidogo vinatumbukia, na kuchora vipimo juu ya uso wenye mianya ni kero. Kwa anayetengeneza madirisha na milango zaidi ya maua ya geti, hana haja ya kusikitika kuikosa pleti.

3. Vyuma chakavu

Kitako cha mashine ya zamani ya kiwandani, hasa cha chuma cha kusubu, ni zawadi. Hakipindi, na matone ya uchomeleaji hayang'ang'anii juu yake kama kwenye chuma laini. Ila ni kizito, hakichomelewi kirahisi ukitaka kuongeza kitu, na kupata chenye uso mzuri ni bahati. Gerezani ya Dar es Salaam na Kamukunji ya Nairobi utapita mara nyingi kabla ya kukiona.

Usiguse reli, mifuniko ya mitaro wala vyuma vya nguzo za umeme, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya miundombinu kuhujumiwa, kabla ya kuifungua tena mwaka huohuo. Dai risiti, hata kwa kipande cha kilo kumi.

4. Meza ya kukunja ya kuagiza

Nomad ya Strong Hand Tools ndiyo inayojulikana, na zipo nyingi za kuiga. Ni nyepesi, zina mianya ya klampu, zinaingia nyuma ya mlango. Zinamfaa aliyepanga chumba na uwanja ni wa wote, au fundi anayekwenda kwa wateja. Uso wake ni mwembamba, kwa hiyo moto mwingi sehemu moja unaupinda. Kwa bei hiyo hiyo, ukijumlisha usafiri na ushuru, nafasi ya kwanza inaanza kukaribia.

5. Meza za Kijerumani

Siegmund na Demmeler wanatengeneza meza ambazo ukiziona utatamani kulala juu yake: matundu ya mili 16 au 28 yaliyopangwa kwa usahihi mkubwa, na vifaa vya kubana vya kila umbo. Kwa kiwanda kinachotoa fremu mia zinazofanana, zinarudisha fedha. Kwa nyumbani, hapana. Vifaa vyake peke yake vinaweza kukugharimu kuliko mashine yako ya kuchomelea.

Meza ya mbao iliyofunikwa bati sikuipa namba. Mbao huungua polepole chini ya bati, na moshi unaonekana ukiwa umeshaondoka kula.

Vya kuongeza, kwa mpangilio wa hela

Kwanza ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye mashine. Chomelea bolti ya M12 chini ya pleti yenyewe, siyo kwenye mguu, kwa sababu pleti inayokaa juu ya bolti itaulazimisha umeme kupita kwenye nyuzi za bolti hizo. Kwangua ule utando mweusi wa kiwandani mpaka chuma king'ae kabla ya kubana klampu ya ethi. Tengeneza ndoano ya kutundikia holda, kishikio cha fimbo ya kuchomelea, pembeni, mbali na meza. Holda inayolazwa juu ya pleti huacha kovu la arki.

Halafu jiliwa, kile kifaa cha kubana kazi kwa skrubu. Usilifunge moja kwa moja juu ya meza, litakuzuia kila siku. Chomelea kipande cha skwea paipu chini ya pleti, na jiliwa ulipe mkia wa paipu ndogo inayoingia humo na kushikwa kwa pini. Unalichomeka ukilihitaji, unalitoa ukipanga dirisha.

Mistari ya vipimo ichongwe kwa ncha ya chuma kigumu, kila sentimita 10 kutoka kwenye ile kona ya digrii 90. Chaki inafutika, rangi inaungua. Kwa kukagua ukubwa wowote, 3, 4, 5 inabaki palepale: mili 600 upande huu, 800 upande ule, na kona kwa kona futi kamba isome 1000.

Uso usipakwe rangi, na miguu isiwe ya paipu yenye zinki kama utaichomelea. Moshi wake unaleta homa na kichefuchefu usiku. Tanga, Mombasa, Unguja na popote hewa ina chumvi, pangusa pleti na kitambaa chenye mafuta kidogo jioni, uyafute kabla ya kuwasha mashine asubuhi. Magurudumu yawe ya mwisho, na yawe yale yanayonyanyuka ili meza isimame kwenye miguu yake wakati wa kazi.