Sensa ya oksijeni ya kuunga waya mwenyewe: inunue, lakini soma namba kwanza

Haya, karibuni tena gereji. Leo nina hii hapa: sensa ya oksijeni ya waya nne, yunivaso, yaani ya kufunga kwenye magari mbalimbali, haina soketi. Unakata soketi ya sensa yako ya zamani, unaunga waya, unafunga kwenye ekzosi. Bei yake ni ndogo kuliko ya jenuini, ndiyo maana mnaniuliza kila siku.

Sogezeni macho kwenye ncha. Ndani ya hiki kikofia chenye matundu kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa safi ya nje. Ikishapata moto, zaidi ya nyuzi 300 hivi, ile tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili inazaa umeme. Mafuta yakizidi inatoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi inashuka hadi 0.1. Kompyuta ya gari inaangalia imevuka 0.45 kwenda upande gani, inapunguza au inaongeza mafuta, basi.

Tuipime. Waya mbili nyeupe ni za hita, kile cha kuipasha sensa moto. Multimita kwenye omu... 9. Hita nzima. Sasa nimeibana kwenye jiliwa, waya nyeusi chanya, ya kijivu hasi, nawasha moto wa gesi kwenye ncha. Subiri ishike moto. 0.2... 0.5... hiyo, 0.8! Naondoa moto, tazama, imeporomoka papo hapo. Hapo nimeridhika. Na hii nyingine nimeitoa kwenye gari la mteja: inapanda kwa kujikokota, na kushuka ndiyo kabisa, hadi uichoke. Ncha yake ina unga mweupe, dalili ya silikoni. Kuna fundi alipaka gasketi ya maji, ile gundi ya silikoni, kwa mkono mzito.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Toyota nyingi zina sensa ya mbele, kabla ya katalitiki, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ambayo nayo ina waya nne na ukiitazama ni ileile. Siyo ileile! Hiyo inapima uwiano wa hewa na mafuta kwa mkondo wa umeme, haifanyi kazi kwa kurukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Ukichomeka hii yunivaso pale, taa ya injini haizimiki na gari litakusumbua. Soma namba ya Toyota ya sensa yako: ikianza na 89465, ni oksijeni ya kawaida, hii itafaa. Ikianza na 89467, rudisha pochi mfukoni, katafute ya aina yake.

Kwenye kuunga, usichomelee kwa risasi. Sensa nyingi za hivi huvuta ile hewa safi kupitia ndani ya waya zenyewe, ukijaza risasi au grisi unaiziba pumzi. Tumia vibanio vilivyomo kwenye boksi, na hivi kusema kweli ni vizuri, vina mipira ya kuzuia maji. Rangi nazo zinachanganya: kwenye sensa za zamani za kampuni ya Denso hita ni nyeusi mbili, ishara ni bluu, na nyeupe ni hasi. Kwa hiyo nyeupe kwa nyeupe hapana, utaunguza kitu.

Mimi ningeifunga nyuma ya katalitiki bila wasiwasi, na mbele kama namba inaruhusu. Wanaouliza kama itapunguza ulaji wa mafuta: kama ya zamani ilikwama kwenye volti za chini, kana kwamba hewa imezidi, kompyuta ilikuwa inamwaga mafuta bure, utaona nafuu. Ila kagua kwanza ekzosi kama inavuja karibu na sensa. Hewa ya nje ikiingia pale, hata sensa mpya ya bei mbaya itasema uongo uleule.