Rangi za Kupaka kwa Vidole: Tathmini ya Mzazi

Rangi hizi za maji, zinazouzwa katika vikopo sita, nimezitumia kwa majuma matatu pamoja na binti yangu mwenye umri wa miaka 2, na ninazipenda kwa dhati kwa sababu ni nzito kiasi cha kutochuruzika mkononi wala karatasini. Alichovya kiganja kizima katika rangi ya njano, akakigandamiza juu ya buluu, kisha akanyamaza akitazama kijani kikijitokeza chini ya vidole vyake. Nyekundu, hata hivyo, iliacha doa kwenye fulana yake, ingawa maelezo ya kopo yanaahidi kwamba zote hutoka kwa maji na sabuni. Vifuniko navyo ni vigumu kufungua, jambo ambalo, kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, ninaliona kuwa jema.