"Si duara tu?": uzoefu wangu na duka la kubandika kazi za wino Guangzhou

"Rafiki, hili si duara tu? Chora lingine."

Hayo ndiyo niliyoambiwa kaunta, kazi yangu ya wino, duara moja, ikiwa imelazwa mezani mbele yangu, nusu ya weusi wake imegeuka ukungu wa kijivu. Tathmini hii nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Mwanzoni nilitoa nyota tatu, kwa sababu yapo mambo ambayo duka hili linayajua vizuri mno, na nitayasema hapa kwa kuwa ni kweli. Lakini kila nikiikumbuka sentensi ile damu inanichemka, na nyota zinapungua.

Kwa asiyeijua kazi hii: karatasi ya xuan, karatasi ya Kichina ya kuchorea wino, ile ya Jingxian mkoani Anhui inayotengenezwa kwa magome ya mti uitwao qingtan na mabua ya mpunga, ni laini na hunywa maji papo hapo. Wino ukishakauka, karatasi hujikunja. Penye weusi mwingi inavutika, penye weupe inalegea, na huwezi kuitia kwenye fremu katika hali hiyo. Lazima ibandikwe karatasi nyingine mgongoni, kisha iwambwe kama ngozi ya ngoma mpaka inyooke. Fundi hulaza mchoro kifudifudi, hunyunyiza maji, hunyoosha mikunjo kwa brashi pana, hupaka gundi nyepesi ya wanga wa ngano, hulaza karatasi ya nyuma, halafu husugua kwa brashi ngumu ili hewa itoke. Mwisho hupaka gundi kwenye kingo peke yake na kuiwamba kazi ubaoni, akiacha tundu dogo pembeni la kupulizia hewa, ili mchoro usigandie ubao. Hukaa hapo siku kadhaa, na msimu wa unyevu hukaa zaidi.

Yangu iliharibika kwenye hatua ya kunyunyiza maji. Sekunde chache tu.

Wino wa Kichina wa asili kwa sehemu kubwa ni masizi na gundi ya ngozi au mifupa ya wanyama. Masizi hayana nguvu ya kushika chochote. Gundi ndiyo inayoyafunga kwenye nyuzi za karatasi. Kwa hiyo wino ukitembea, yaani ukisambaa, wakati wa kubandika, jambo la kwanza kuuliza ni gundi imepatwa na nini. Huenda bado ni changa, haijakauka mpaka ndani. Huenda imeoza, kama wino wa kijiti ulisagwa kwa maji jana ukaachwa kwenye jiwe la kusagia usiku kucha ndipo ukatumika, na hilo ndilo kosa la wanafunzi wengi. Au wino ulikuwa mzito kupita kiasi ukatuama juu ya karatasi badala ya kuzama, hivyo masizi ya juu hayakupata nyuzi za kushika. Guangzhou ina tatizo lake la ziada: kati ya mwisho wa baridi na masika huja majira ambayo kuta na sakafu hutoka jasho, nguo hazikauki, na karatasi uliyodhani imekauka bado imebeba maji.

Kazi yangu ilikuwa na vitu viwili kati ya hivyo, na sikuvificha. Ilikuwa enso, duara la mkupuo mmoja, kwenye karatasi mbichi, yaani isiyopakwa gundi wala shabu, ya sentimita 69 kwa 69, yaani nusu ya karatasi ya futi nne za Kichina. Brashi ya kazi ya ukubwa ule hunywa wino mwingi, kiasi ambacho kukisaga kwa mkono peke yake huchukua muda mrefu, kwa hiyo ulikuwa wino wa kusaga uliochanganywa na wa chupa, mzito, na ulikuwa na siku nane tu. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi ya oda: wino mzito, siku nane, pimeni kwanza, msinyunyize kabla ya kupima, ikibidi kaeni nayo mwezi mzima. Wakatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeisoma.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Unachukua kijiti cha pamba chenye unyevu, si kinachodondosha maji, unakigusisha mahali peusi kuliko pote, upande wa nyuma au ukingoni. Halafu unakandamiza tishu nyeupe hapo kwa kuhesabu mpaka kumi. Tishu ikitoka safi, endelea. Ikitoka na kijivu, simama. Na kusimama si kushindwa, maana njia zipo, na fundi yeyote wa Guangzhou anazijua. Ya kwanza ni kusubiri. Ya pili ni kuzungushia mchoro karatasi kavu na kitambaa, kisha kuupitisha kwenye mvuke karibu nusu saa, ili gundi ilainike na kushika tena. Ya tatu ni kupaka mgongoni maji mepesi ya gundi na shabu na kuacha yakauke; hiyo siipendi sana, kwa sababu shabu ina asidi na ikizidi huifanya karatasi iwe ya kahawia na kukatika baada ya miaka. Ya nne ndiyo ningeichagua mimi: mchoro hauguswi na maji hata kidogo. Gundi inapakwa kwenye karatasi ya nyuma, inaachwa mpaka unyevu upungue na ibaki na mnato tu, ndipo mchoro mkavu unalazwa juu yake kidogo kidogo na kusuguliwa. Ni ngumu kuiweka sawa, na mara nyingi hubaki mikunjo midogo. Mikunjo ningeipokea kwa mikono miwili.

Kuna na ile filamu ya plastiki inayobandikwa kwa mashine ya joto. Haina maji, haina hatari ya wino kutembea, na duka linaitoa kwa bei ya chini. Niliikataa na ningeikataa tena. Ikishagandishwa, kuitoa bila kuichana karatasi ni karibu na muujiza, wakati gundi ya wanga hata baada ya miaka mia huloweka na kuachia. Kwenye kubandika kwa asili ya Kichina na Kijapani sharti hilo ni la msingi: anayekuja baadaye aweze kubandua na kubandika upya.

Sasa hilo "duara tu".

Ndani ya mkupuo wa enso kuna mahali ambapo brashi inaanza kukaukiwa, nywele zinatawanyika, na karatasi inaonekana katikati ya michirizi. Wachina hupaita feibai, weupe unaoruka. Hapo ndipo mwendo wa mkono unaposomeka: palipoharakishwa, palipositasitwa, mahali pumzi ilipoisha. Mtu aliyezoea anaiangalia sehemu hiyo kabla ya kuangalia umbo. Wino ulipotembea, ulijaza michirizi ile yote kwa kijivu. Umbo la duara bado lipo, ndiyo maana aliye kaunta hakuona kilichopotea. Kwake mstari ulikuwepo na mstari bado upo.

Wanaoandika khati za Kiarabu watanielewa kwa njia ya kinyume. Wino wao wa masizi na ulimbo, juu ya karatasi iliyopakwa na kusuguliwa ikang'aa, hukaa juu juu. Herufi ikikosewa hufutwa kwa unyevu na kurekebishwa, na si aibu. Karatasi mbichi ya xuan haina huruma hiyo. Wino umeshazama kabla hujainua brashi. Kwa sababu hiyo watawa wa Zen, dhehebu la Kibuddha, waliipenda kazi hii: hakuna kurudia juu ya mstari, na mkupuo unabaki ulivyotoka. Sengai Gibon, mtawa wa Japani aliyeishi kuanzia 1750 hadi 1837, aliacha duara, pembetatu na mraba kwenye karatasi moja, na leo kazi hiyo inatunzwa na Jumba la Makumbusho la Idemitsu, Tokyo. Nayo ni duara tu, pamoja na pembetatu tu na mraba tu.

Jambo la pili aliloniambia ndilo lililoniondolea nyota ya tatu. Alisema fundi atachukua brashi ndogo, atakoleza weusi kingoni na kupaka nyeupe kidogo kwenye michirizi, "hutaona tofauti". Rangi nyeupe! Kwenye feibai! Duka linalobandika kazi za wino kila siku linapendekeza kutia rangi nyeupe mahali ambapo weupe wote ni karatasi yenyewe. Nilikataa nikaichukua kazi ilivyo.

Haki yao ni hii. Kubandika kwenyewe kumefanywa vizuri ajabu. Nimeigeuza, nimeiinamisha kwenye mwanga, sikuona hata kipovu kimoja. Gundi imepigwa nyembamba mno, karatasi inakunjika bila kukakamaa, kingo zimekatwa sawa, na karatasi ya nyuma imelazwa kwa uangalifu. Mkono ule una miaka mingi ya kazi. Kazi nyingine mbili nilizopeleka pamoja na ile, za wino mwepesi wenye miezi kadhaa, zimerudi safi kabisa, na kwa hizo ningetoa nyota tano. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya zamani, wino wake ni mwepesi, na hali ya hewa ni kavu, duka hili litakufaa. Nilitaka kuishia hapo.

Lakini hapana. Wino wa leo ndio unaohitaji mtu wa kuuliza maswali. Msanii Zheng Chongbin huchanganya wino na akriliki, rangi ya kisasa ya plastiki, juu ya xuan. Mchoraji Liu Guosong alitengenezewa karatasi yenye nyuzi nene juu, azing'oe baada ya kuchora ili zibaki njia nyeupe. Kundi la Bokujinkai, la waandishi wa khati wa Japani, lililoanzishwa Kyoto mwaka 1952, lilikwisha kuuondoa mwandiko kwenye vipimo vya darasani zamani, na baadhi ya waliofuata humwaga wino mwingi na mzito. Fundi anayeshika kila karatasi kana kwamba ni mandhari ya milima ya wino mwepesi ataharibu nyingi, hata mkono wake uwe mzuri namna gani.

Ukienda huko, au kwenye maduka mengine ya kubandika ambayo Mtaa wa Wende umejaa, usiache kazi kaunta. Omba kumwona fundi mwenyewe, kisha nyote wawili mpaguse mahali peusi zaidi kwa pamba na muitazame tishu. Usipeleke wino mzito kabla ya mwezi mmoja, na msimu wa kuta kutoka jasho usipeleke kabisa. Anayepeleka kazi nyumbani Mombasa, Dar au Unguja aagize fremu yenye nafasi kati ya kioo na karatasi, maana gundi ya wanga ni chakula cha ukungu na mende, na ukuta wa pwani haukauki sawasawa.

Nimerudishiwa nusu ya fedha bila kubishana, nalo nalihesabu. Nyota ya tatu nimeiondoa. Ya pili naiacha kwa ajili ya yule fundi wa nyuma ambaye sikumwona, ambaye huenda hakuwahi kupewa karatasi yangu ya oda aisome. Akiniambia mwenyewe kwamba aliisoma, nitarudi hapa niiondoe na hiyo.