PerTronix Ignitor kwenye Land Rover Series III: kazi yote iko kwenye waya mwekundu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisafisha platini (vikontakti vidogo vinavyokata mkondo wa koili ili plagi zipige cheche) za Land Rover yangu ya mwaka 1974, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, na kupima uwazi wake kwa fila, yaani kipimo cha vibamba vyembamba, ambao unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kazi si ngumu, ila haina mwisho: kisigino cha platini husagika, uwazi hupungua, taimingi, yaani wakati wa cheche kupigwa, huchelewa, kisha injini huanza kumisi gari likipanda mlima na mzigo. Ndiyo maana nilinunua PerTronix Ignitor, kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya platini.

Kifaa ni kidogo kiasi cha kushangaza. Ndani ya distribyuta, inayogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, unatoa platini na kondensa, unafunga kihisi mahali pake, kisha unavisha pete yenye sumaku chini ya rota, na kila sumaku inapopita mbele ya kihisi, mkondo wa koili hukatika na cheche hupigwa bila chuma kugusana na chuma. Kabla ya kununua, soma namba iliyogongwa kwenye mwili wa distribyuta, kwa kuwa distribyuta za Lucas za aina ya 25D4 na 45D4 hazitumii kifaa kimoja. Wenye magari ya zamani zaidi, yaliyofungwa chanya ya betri kwenye bodi, wanahitaji toleo lao maalumu.

Nyaya ni mbili tu: mwekundu kwenye chanya ya koili, mweusi kwenye hasi. Nilimaliza kufunga kwa muda mfupi, nikawasha, injini ikaitika, lakini ilikuwa ikikatakata kila nilipowasha taa. Nilipoweka multimita kwenye koili nilikuta volti 9.8, ilhali betri yenyewe ilikuwa na 12.5. Volti zilizosalia zilikuwa zikipotelea kwenye waya wa swichi ambao ganda lake lilikuwa limekauka na vichwa vyake vimeota kutu ya kijani. Platini zilikuwa zikivumilia hali hiyo. Kifaa cha elektroniki hakivumilii. Nilifunga rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi na ambayo miguu yake ina namba, nikaleta umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi hadi mguu wa 30, nikautoa kwenye 87 kwenda kwenye koili, na ule waya wa zamani nikauachia kazi nyepesi ya kuamsha rilei kwenye 86, huku 85 ikienda kwenye bodi. Tangu siku hiyo injini haijakata tena, na asubuhi za baridi inawaka kwa mzunguko mmoja au miwili.

Pima pia koili yenyewe: kwa silinda nne inatakiwa isipungue omu 3.0, la sivyo mkondo unakuwa mkubwa na kihisi kinaungua. Nyaya za plagi ziwe za kaboni, kwani zile za shaba tupu huvuruga kihisi.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito. Ukiacha swichi imewashwa huku injini imezima, kifaa hiki cha toleo la kwanza kinaweza kuungua, na kikiungua hakitoi dalili wala hakitengenezeki porini. Platini zangu za zamani, kondensa na fila vimo kwenye kopo chini ya kiti cha dereva, na kila safari ya mbali ninahakikisha vipo.