Umeme Hafifu au Mazungumzo: Ipi Tiba ya Wasiwasi wa Askari?
Mjomba wangu, aliyepigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na ambaye sasa anaishi Ngamiani, Tanga, kila tairi la lori linapopasuka barabarani hukishika kikombe chake cha kahawa kwa mikono miwili mpaka vidole vitulie. Kwa ajili ya watu kama yeye, watafiti wa Marekani wamekuwa wakiijaribu tiba ya umeme hafifu: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani, kisha mkondo wa miliampea 1 hadi 2 hupitishwa kwa muda wa dakika 20 hivi. Mkondo huo hauzilazimishi seli za ubongo kufanya kazi, bali huzifanya ziwe nyepesi au nzito zaidi kuitika. Mgonjwa hubaki macho, akihisi mwasho kidogo tu, tofauti kabisa na ule umeme mkali wa hospitalini unaoleta degedege chini ya dawa ya usingizi (wengi huzichanganya tiba hizi mbili, na hofu yao naielewa).

Katika tiba ya mazungumzo, askari husimulia tukio lililomtisha, tena na tena, mbele ya mtaalamu, kwa vipindi 8 hadi 15, mpaka kumbukumbu ipungue makali. Inachosha, na wengine huiacha njiani. Hata hivyo ushahidi wake ni imara, ilhali matokeo ya umeme bado yanapishana. Mjomba ningempeleka kwenye mazungumzo kwanza. Umeme ningeukubali kuwa nyongeza tu, tena chini ya uangalizi wa daktari, kamwe si kwa kifaa cha kujiundia nyumbani.