Vizimba vya kulelea viwavi wa vipepeo: cha kununua na cha kujitengenezea

Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama kizimba cha kulelea viwavi kinafaa: urahisi wa kukisafisha wakati viwavi wamekuwa wakubwa na wanakula mchana na usiku, na uwezo wa dari yake kumshika mdudu anapogeuka pupa (hatua ya kutulia kati ya kiwavi na kipepeo) na baadaye anapotoka akiwa kipepeo. Umbo, rangi na maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti hayana uzito mkubwa mbele ya hayo mawili. Kwa vigezo hivyo nimevipima vifaa vya aina nne ninavyovitumia, yaani seti ya kopo lenye chakula kilichotengenezwa kiwandani, sanduku la plastiki la kuhifadhia chakula, kizimba cha wavu kinachouzwa kikiwa kimekunjwa, na vizimba vya kujitengenezea kwa fremu au boksi na kitambaa cha neti. Niseme mapema kwamba hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake kuanzia yai hadi kipepeo.

Seti ya kopo ndiyo inayomvutia zaidi anayeanza, kwa kuwa haimdai mmea wowote. Ndani ya kopo lenye kifuniko huwa kuna viwavi wachache, mara nyingi wa aina ya Vanessa cardui, pamoja na tabaka la chakula laini kilichokandwa. Aina hii imechaguliwa kwa sababu iliyo wazi: porini viwavi wake hula mimea ya jamii nyingi, hivyo hukubali chakula cha kutengenezwa, jambo ambalo viwavi wanaotegemea jamii moja tu ya mimea hulikataa hadi wakafa njaa. Wakishakua hupanda hadi kwenye karatasi iliyowekwa chini ya kifuniko, hujining'iniza vichwa chini, na karatasi hiyo yenye pupa huhamishiwa kwenye wavu mdogo unaokuja na seti. Kasoro yake ni kwamba kopo halikusudiwi kufunguliwa kabla ya hapo, kwa hiyo kinyesi na nyuzi za hariri hurundikana humo humo, na kopo likiachwa penye jua mvuke hujikusanya kwenye kuta na ukungu hufuata. Isitoshe, mlezi haoni yai, haujui mmea, wala hana kazi yoyote ya kufanya isipokuwa kungoja. Kwa darasa la watoto, na kwa mara moja tu, seti hii inatosha. Kwa mtu anayetaka kulea kweli, naiona ni fedha iliyopotea. Sheria nazo zisisahauliwe. Nchini Marekani, kwa mfano, kusafirisha vipepeo hai kutoka jimbo moja hadi jingine kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, na popote pale ni vyema kuuliza kabla ya kuagiza au kuachia porini aina ambayo si ya mahali hapo.

Sanduku la plastiki lenye kifuniko, la kawaida kabisa, limenishangaza kwa ubora wake katika siku za mwanzo. Kiwavi anayetoka kwenye yai huanza kwa kula ganda la yai hilo, kisha hutafuta jani. Akiwekwa katika kizimba kikubwa anaweza kutangatanga na kufa bila kulipata, ilhali ndani ya sanduku dogo hana pa kupotelea. Jambo la pili ni unyevu. Jani lililokatwa hunyauka haraka kwenye hewa inayopita, lakini katika sanduku lililofungwa hubaki bichi hadi siku inayofuata, na viwavi wadogo wanahitaji hewa kidogo mno kiasi kwamba kulifungua sanduku kila siku kunatosha bila kulitoboa. Matundu, kwa kweli, huleta hasara zaidi ya faida, kwa sababu tundu linaloonekana dogo kwa binadamu ni mlango kwa kiwavi wa siku ya kwanza.

Sanduku hilo hilo huwa balaa viwavi wakikua. Kiwavi wa Danaus plexippus, kipepeo anayehama aitwaye monarch kwa Kiingereza, huongezeka uzito takribani mara 2,000 tangu atoke kwenye yai hadi awe tayari kugeuka pupa, yote hayo kwa muda unaokaribia wiki mbili, na sehemu kubwa ya chakula chake chote huliwa katika hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba karatasi ya kunyonya maji iliyotandikwa chini, ambayo mwanzoni ilibadilishwa bila haraka, sasa inapaswa kubadilishwa kila siku na pengine mara mbili, la sivyo kinyesi hulowana, ukungu huota na bakteria hushamiri. Kiwavi aliyelegea, akageuka mweusi na kuning'inia huku mwili wake ukivuja maji, huenda ameshikwa na virusi ambavyo husambaa upesi mno katika nafasi iliyofungwa. Hapo hakuna dawa, ni kumtoa, kuwatenga waliosalia na kulisafisha sanduku kwa maji yenye klorini. Ninapowaona viwavi wameanza kuujaza upana wa sanduku, nawahamisha, ila nawaacha kwanza wale waliotulia tuli bila kula, kwa maana hao wamejifunga kwa hariri wakijiandaa kujivua ngozi, na kumbandua mmoja wao kwa nguvu ni kumuua.

Kizimba cha wavu cha kununua ndicho kinachostahili maelezo marefu, kwa sababu ubora wake hutofautiana sana ingawa vyote kwa mbali huonekana sawa. Kwa kawaida ni pipa au mstatili wa kitambaa cha neti unaosimama wenyewe kwa waya wa chuma unaonyumbulika, wenye mlango wa zipu na wakati mwingine dirisha la plastiki inayopitisha mwanga. Hewa hupita vizuri, uzito ni mdogo, na kikikunjwa hulala bapa chini ya kitanda. Dari ya neti huwapa viwavi pa kushikiza hariri yao, na kuta za neti humpa kipepeo mchanga pa kupanda hata akianguka, faida ambayo sanduku la plastiki lenye kuta za utelezi haliwezi kuitoa.

Kasoro zake huonekana baada ya matumizi. Ya kwanza ni zipu iliyoshonwa juu, kwenye ukingo wa dari. Kiwavi anayetafuta pa kujining'iniza hupenda pembe na mishono, na akijifunga kwenye zipu hiyo mlango haufunguki tena hadi kipepeo atoke, au mlezi alazimike kumhamisha. Zipu iwe upande wa mbele, na ifunguke kwa upana wa kutosha kuingiza chungu cha mmea, wala isiwe tundu la kupitisha mkono tu. Ya pili ni sakafu: ikiwa nayo ni ya neti, vipande vidogo vya kinyesi hunasa katika vitundu vyake na havitoki kwa kufuta, sakafu ya kitambaa kigumu au plastiki, inayoweza kutandikwa karatasi, ni bora kwa mbali. Ya tatu ni wepesi wenyewe, kwani kizimba kirefu kinachowekwa nje huangushwa na upepo kisipowekewa kitu kizito ndani. Kuhusu rangi, wauzaji wengi hupenda neti nyeupe, lakini nyeusi ndiyo inayoruhusu jicho kupenya na kuona kinachoendelea ndani. Ukubwa wa vitundu nao usidharauliwe, maana wavu wenye vitundu vipana hunasa makucha ya kipepeo na kuchana mabawa yake.

Kwa kuwa hewa hupita, majani hunyauka, na hapo ndipo wengi huweka matawi kwenye chupa ya maji. Mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba au karatasi iliyokazwa kuzunguka shina, kwa sababu viwavi hushuka kwenye shina hadi majini wakazama. Mmea ulio hai katika chungu ni bora zaidi, mradi mlezi ana hakika haukupuliziwa dawa ya wadudu. Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya mapambo hupewa dawa zinazoingia hadi ndani ya tishu za jani, na kuosha majani hakuziondoi.

Sasa niviangalie vya kujitengenezea. Kazi hii ina historia ndefu: Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alilea viwavi nyumbani tangu ujana wake na kuchora kila hatua pamoja na mmea wanaoula, karne kadhaa kabla ya zipu kuvumbuliwa. Fremu nne za mbao zilizogongwa misumari, neti iliyokazwa juu yake na mlango wa kitambaa unaobanwa kwa vibanio vya nguo hufanya kizimba kinachoshinda kile cha dukani kwa uimara na kwa upana wa mlango. Kawa la neti la kufunikia chakula, likiwekwa juu ya trei, linatosha kabisa kwa viwavi wachache. Ila ninalolipendelea kuliko yote ni boksi la karatasi lililokatwa madirisha na kubandikwa neti kwa gundi. Halipendezi, hulowana, halidumu, na kutodumu huko ndiko kunakonivutia: kundi moja la viwavi likimaliza, neti huoshwa na boksi hutupwa pamoja na chochote kilichojificha kwenye pembe zake.

Aina nyingine ya kujitengenezea ni mfuko mrefu wa neti unaovishwa tawi la mmea ulio hai na kufungwa kwa kamba pande zote mbili. Chakula hakinyauki, na kinyesi hukung'utwa mfuko unapohamishiwa tawi jingine. Wanaolea vipepeo wa aina ya Papilio demodocus, ambao viwavi wao hula majani ya michungwa na milimau, wataupenda mfuko huu kwa kuwa mti hauhitaji kukatwa matawi kila asubuhi. (Viwavi hao wakiudhiwa huchomoza pembe mbili zenye rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na kutoa harufu kali, kwa hiyo mkono mzito haufichiki.) Hatari yake ni kufungia adui ndani. Buibui mmoja, vunjajungu mmoja au msafara wa sisimizi waliokuwa kwenye tawi kabla ya kufungwa watakuwa wameandaliwa karamu, na hivyo tawi lazima likaguliwe jani kwa jani.

Wavu vilevile haumkingi kiwavi aliyeokotwa bustanini akiwa tayari amevamiwa. Nyigu mdogo Cotesia glomerata hutaga mayai ndani ya viwavi wachanga wa vipepeo wa kabichi. Mabuu yake hutoka kiwavi akiwa mkubwa na kusuka vifuko vya manjano kando yake, ambavyo wasiojua hudhani ni mayai ya kipepeo. Nyigu mwingine, Pteromalus puparum, hungoja kiwavi ajivue ngozi ya mwisho na kuitoboa pupa ikiwa bado laini. Kwa sababu hiyo nasisitiza kukusanya mayai badala ya viwavi wakubwa, na kuhakikisha kwamba kizimba kimefungwa barabara katika saa zile pupa inapoundwa.

Kuna pingamizi moja kubwa ambalo wauzaji wa vizimba hawaliandiki kwenye pakiti. Kuwalea viwavi wengi pamoja hueneza magonjwa, likiwemo lile la kimelea Ophryocystis elektroscirrha, ambacho spora zake (chembe ndogo mno za kuzaliana) hukaa kwenye magamba ya kipepeo na kudondokea mayai na majani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza pia kwamba Danaus plexippus waliolelewa ndani ya nyumba walishindwa kuelekea kusini kama wenzao wa porini walipopimwa katika majira ya kuhama. Shirika la Xerces, linalohifadhi wadudu na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo, halishauri kuwalea na kuwaachia kwa wingi kama njia ya kuwaokoa. Nakubaliana nalo. Kizimba kikubwa kinachotangazwa kuwa kinabeba viwavi mia ni sifa mbaya, na mimi ningekinunua kwa ajili ya viwavi kumi.

Kigezo cha pili, yaani dari, hujaribiwa mwishoni. Pupa za jamii ya Danaus na Vanessa huning'inia kwa ncha ya nyuma, kwa hiyo dari iwe imekazwa, isiyobonyea mlango unapofunguliwa. Zile za Papilio hukaa wima zikiwa zimefungwa mkanda wa hariri kiunoni, na hizo zinahitaji vijiti vilivyosimamishwa zaidi ya dari. Kipepeo akitoka, mabawa yake huwa yamekunjamana, naye huyanyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili ndani ya mishipa yake huku akining'inia. Akikosa nafasi chini yake, au akianguka mahali pa utelezi, mabawa hukauka yakiwa yamepinda na hayanyooki tena. Vizimba vidogo vinavyokuja na seti za kopo hushindwa hasa hapa, pupa nyingi zinapobanwa pamoja kwenye karatasi moja.

Kwa anayeuliza anunue nini, jibu langu ni sanduku dogo la plastiki kwa ajili ya mayai na viwavi wachanga, kisha kizimba cha wavu chenye urefu wa angalau sentimita 60, sakafu ngumu na zipu ya mbele. Au boksi na neti, kama ana mkasi na subira. Kizimba cha kununua kioshwe baada ya kila kundi, kilowekwe katika maji yenye klorini, kisuuzwe na kukaushwa kabisa kabla ya kukunjwa. Majimaji mekundu ambayo kipepeo hutoa baada ya kutoka kwenye pupa huacha madoa yasiyoisha kwa kuosha, na kizimba chenye madoa hayo kinaweza kutumika tena bila wasiwasi. Cha kutupwa ni kile ambacho meno ya zipu yake yameanza kuachia.