Krita kwa Msanii Anayeishi Kati ya Ughaibuni na Nyumbani: Tathmini

Msanii wa dijitali anayeishi ughaibuni na kurudi nyumbani kila apatapo nafasi ana haja moja ambayo tathmini nyingi za programu za kuchorea haziigusi, nayo ni chombo cha kumsaidia kuushika mshangao wa siku za mwanzo kabla macho yake hayajauzoea. Tathmini hizo hupima kasi, hesabu ya brashi na mpangilio wa menyu. Mambo hayo yana uzito wake, lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchora yanayomkuta kila siku katika nchi mbili, yaani salamu isiyoitikiwa, ukimya wa watu waliobanana ndani ya lifti, au sauti iliyo ya kawaida mahali pamoja na ambayo mahali pengine huwafanya watu wageuze shingo, kipimo cha kwanza ni jinsi chombo kinavyotunza kumbukumbu. Nimeitumia Krita kwa kazi ya namna hiyo kwa muda mrefu, na kwa kipimo hicho naiona kuwa programu bora kuliko zote nilizowahi kuzijaribu.

Krita ni programu huria ya kuchora na kupaka rangi. Ilianza mwaka 1999 ndani ya KDE, jumuiya ya kimataifa ya watengenezaji wa programu huria, na leo inaendelezwa kwa msaada wa Wakfu wa Krita wenye makao yake Uholanzi. Leseni yake ni ya GPL, kwa hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia kwa kazi za kuuza, kuchunguza namna ilivyoundwa na kuwagawia wenzake bila kulipa chochote. Inatumika katika Windows, Linux na macOS, na inakuja na brashi zaidi ya 100 zilizokwisha kuandaliwa, kuanzia penseli kavu hadi rangi ya maji.

Kwa mtu wa nchi moja, sifa ya kutolipiwa ni nafuu ya mfukoni tu. Kwa anayehamahama ina maana pana zaidi. Programu za kulipia kwa mwezi hufungwa kwenye akaunti, akaunti hufungwa kwenye kadi ya benki, na kadi hufungwa kwenye anwani ya nchi fulani, hivi kwamba msanii anaweza kujikuta amefika nyumbani likizo na chombo chake cha kazi kinamtaka athibitishe malipo kwa namba ya simu aliyoiacha ng'ambo. Krita haidai akaunti wala haihitaji intaneti baada ya kuwekwa kwenye kompyuta. Inafunguka vilevile pale mtandao ulipo wa kasi na pale usipokuwepo kabisa, na brashi ulizozizoea unazikuta mahali ulipoziacha. Wakati kila kitu kinachomzunguka mtu kimebadilika kwa mkupuo mmoja, lugha, hali ya hewa, saa za kulala na namna ya kuvuka barabara, kuwa na meza ya kazi isiyobadilika ni faraja kubwa, na sidhani kwamba ninatia chumvi.

Wazo la mshtuko wa kitamaduni lilienezwa na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada aliyewahi kufanya utafiti wake huko Ankole, Uganda, kupitia hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954 na makala iliyochapishwa mwaka 1960. Oberg aliifananisha hatua ya kwanza ya ugeni na fungate, kisha akaeleza kipindi cha chuki na uchovu, halafu kupona na kuzoea polepole. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn waliongeza jambo ambalo kila aliyerudi nyumbani analijua kwa ngozi yake mwenyewe, kwamba mteremko huo wa kutoka fungate hadi uchovu na kupanda tena hupitiwa mara mbili, kwa sababu anayerejea naye huwa mgeni, tena mgeni asiyehurumiwa, kwa kuwa hakuna anayetarajia ashangae kwao. Mwandishi anaweza kuyaeleza mambo haya baada ya miaka. Mchoraji hana muda huo, maana kinachochorwa ni namna jambo lilivyoonekana, na mwonekano huo hufutika mara tu mtu anapozoea.

Ndiyo maana amri ninayoithamini kuliko zote katika Krita ni ile iliyo ndani ya menyu ya faili, ya kuhifadhi toleo linalofuata. Ukiichagua, faili la awali hubaki kama lilivyo na jingine huundwa kwa jina lilelile lililoongezewa namba. Utaratibu wangu ni kuchora kila tukio siku lilipotokea, kulihifadhi, na kutoligusa tena toleo hilo la kwanza. Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi nikiwa upande wa pili wa safari, hufungua toleo jipya na kulichora tukio hilohilo upya. Tofauti huwa kubwa. Jirani aliyenipita ngazini bila kunisalimu alijaa fremu nzima katika mchoro wa kwanza, mabega mapana na uso uliogeuziwa ukuta. Katika mchoro wa baadaye ni mtu mnyonge aliyebeba mizigo miwili, macho yameelekea kwenye ngazi asije akajikwaa. Michoro yote miwili ni ya kweli, kwa sababu wa kwanza unaeleza yaliyokuwa moyoni mwangu na wa pili unaeleza yaliyokuwa ngazini. Kama ningekuwa nimesahihisha faili moja tu, ule wa kwanza ungepotea, nao ndio wenye thamani zaidi kwa msomaji ambaye hajawahi kusafiri. Kirekodi kilichoongezwa katika toleo la 5.0, la mwaka 2021, husaidia kwa njia nyingine, kwani hunasa hatua za uchoraji na kuziunganisha kuwa video fupi, na ndani yake mtu huona mahali mkono wake uliposita.

Jambo la pili linalonifanya niipende programu hii ni namna inavyoyashughulikia matabaka, yaani sehemu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine kama karatasi angavu, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa kuwa matabaka yapo katika kila programu ya kuchorea na huenda yakaonekana hayastahili kusemwa. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Mmarekani Edward T. Hall alichapisha vipimo vya umbali ambao watu huuacha kati yao. Kwa Wamarekani aliowachunguza, umbali wa watu wa karibu sana haukuzidi sentimita 45 hivi, wa marafiki ulifika kama mita 1.2, na wa shughuli za kawaida uliendelea hadi mita 3.6 hivi. Hall mwenyewe alisisitiza kwamba vipimo hivyo havifai kuchukuliwa kuwa vya binadamu wote. Sehemu kubwa ya misuguano ya ughaibuni hutokana na sentimita hizo: mmoja anasogea ili aonyeshe upole, mwenzake anarudi nyuma ili aonyeshe heshima, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba mwingine hana adabu.

Katika Krita huwa ninamweka kila mhusika kwenye kundi lake la matabaka, mistari yake, rangi zake na kivuli chake pamoja. Mchoro ukikamilika, ninanakili fremu nzima na kusogeza kundi moja kidogo tu. Nyuso ni zilezile, mavazi ni yaleyale, maneno ni yaleyale, lakini mazungumzo ya kirafiki yanageuka kuwa mahojiano, au mahojiano yanageuka kuwa tishio. Kwa msomaji ambaye hajawahi kutoka kwao, fremu mbili za namna hiyo zikiwekwa bega kwa bega hueleza zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu makundi yanaweza kusogezwa, kukuzwa na kufunikwa bila kuharibu kilichomo ndani, na kwa sababu idadi ya matabaka inategemea uwezo wa kompyuta yako tu. Anayetumia kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ndogo na apunguze ukubwa wa turubai mapema, kwa maana matabaka mengi kwenye picha kubwa huifanya mashine iwe nzito.

Kuna pia kitufe kimoja ambacho ningetamani kila msanii mhamaji akijue. Jicho la mchoraji likikaa mbele ya picha kwa saa nyingi huacha kuyaona makosa yake. Bega lililopanda huonekana liko sawa, na jicho lililoshuka huonekana ndivyo lilivyo. Ukibonyeza herufi ya M, Krita hugeuza mwonekano wa turubai, kushoto kukawa kulia, bila kuibadilisha picha yenyewe, na papo hapo kila kilichopinda hujitokeza. Anayerudi nyumbani baada ya miaka ng'ambo hutendewa jambo hilohilo na safari. Hakuna kilichohamishwa, ila sasa anaona kwamba watu wanazungumza wote kwa pamoja, kwamba anayesubiri hasubiri kimya, kwamba yeye mwenyewe anatembea kwa haraka ambayo hakuna aliyemwomba. Nimekiweka kitendo hicho kwenye kitufe cha kalamu yangu ya kuchorea, na ninakitumia zaidi ya kingine chochote.

Rangi ni somo linalojitegemea. Karibu na ikweta jua la mchana hukaa karibu na utosi, vivuli hujikusanya miguuni, na macho ya mtu huzama ndani ya kivuli cha paji la uso. Katika nchi zilizo mbali na ikweta jua la majira ya baridi hupita chini, vivuli hurefuka hata saa sita mchana, na siku za mawingu ngozi ileile huakisi ubuluu wa anga. Msanii anayebeba rangi za nchi moja na kuzipaka kwenye matukio ya nchi nyingine huchora watu wanaoelea, wasio na ardhi chini yao. Krita huruhusu paleti, yaani seti ya rangi ulizozichagua, kuhifadhiwa ndani ya faili la mchoro wenyewe, kwa hiyo kila mfululizo wa michoro husafiri na mwanga wake. Ninamshauri anayeanza achukue rangi zake kwa kutazama kwa macho na kuchanganya, asizinyonye tu kutoka kwenye picha za simu, kwa sababu kamera ya simu huamua yenyewe mwanga na weupe, na ngozi nyeusi ndiyo inayopotoshwa kwanza. Programu inaelewa pia wasifu wa rangi wa ICC, yaani faili linaloeleza jinsi skrini fulani inavyoonyesha rangi, hivyo mwenye skrini mbili katika nchi mbili anaweza kuzipima na kupata rangi zinazokaribiana, jambo ambalo programu nyingi za bure hulipuuza.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Vidhibiti vya mstari vinavyolainisha mkono ni msaada wa kweli kwa anayechora ndani ya treni au basi linalotikisika. Namna ya kurudufisha turubai pande zote, inayowashwa kwa herufi ya W, hurahisisha mapambo ya vitambaa na vigae. Menyu ya duara inayochomoza ukibofya kitufe cha kulia huweka brashi zako uzipendazo karibu na mkono.

Upungufu wake upo, na ulio mkubwa kwa kazi hii ni maandishi. Michoro ya maisha ya kila siku ina maneno mengi ndani ya viputo, tena mara nyingi ya lugha mbili katika kiputo kimoja, kwa kuwa ndivyo tunavyozungumza. Toleo la 5.2 la mwaka 2023 lilileta injini mpya ya kupanga maandishi, iliyoboresha sana uandishi wa lugha zinazoanzia kulia na zile zinazoshuka wima, lakini uhariri wake ulibaki katika dirisha la pembeni badala ya kufanyika juu ya mchoro. Watengenezaji wamekuwa wakilishughulikia jambo hilo hadharani. Kwa kurasa zenye maneno mengi ninapendekeza picha imalizikie Krita, kisha viputo vijazwe katika Inkscape au Scribus, ambazo nazo ni programu huria. Vilevile, toleo la Android ni la tableti na si la simu, na watengenezaji wenyewe wamelitangaza kuwa la majaribio. Anayetegemea simu pekee kwa kuchora atafute chombo kingine kwa sasa.

Anayetaka kuijaribu aipakue kutoka tovuti rasmi ya Krita, ambako ni bure. Programu hiyohiyo huuzwa katika duka la Steam na duka la Microsoft, na fedha zinazopatikana huko huchangia mishahara ya wanaoitengeneza. Mimi ningemhimiza kila msanii aliyeanza kupata kipato kwa michoro yake ainunue huko hata kama anayo tayari, au achangie moja kwa moja kupitia tovuti, kwa sababu fedha hizo ndizo zinazomwezesha kijana ambaye hajapata hata kadi ya benki, katika nchi yoyote, kufungua chombo kilekile anachokitumia mtaalamu.